Mtambo wa majitaka wa miji mitatu kujengwa bondeni kwetu: tuulize nini kwenye kikao?

Mama Bondeni

Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni msaada kwa wenye kuyajua haya mambo.

Mamlaka ya maji ya upande wetu imetangaza kujenga mtambo mmoja mkubwa wa kusafisha majitaka ya miji mitatu, jumla ya watu kama laki mbili. Eneo lililochaguliwa ni tambarare ya chini kabisa ya bonde, kando ya mto. Nyumba yangu iko juu kidogo ya hapo, hata robo saa ya kutembea haifiki. Mwezi ujao kuna kikao cha wananchi kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira. Muhtasari wao nimeusoma. Una picha za nyasi za kijani na sentensi isemayo "hakutakuwa na athari kubwa za harufu". Ukurasa mzima wa harufu hauna tarakimu hata moja.

Sipingi mtambo. Miji yote mitatu sasa hivi inapitisha majitaka kwenye mabwawa ya zamani yaliyojaa tope, yanatoka karibu vile yalivyoingia, na sisi wa chini ndio tunaoyapokea mtoni. Lazima pawepo mahali pa kuyasafisha. Lakini kikao kilichopita tulipiga kelele mpaka giza likaingia na hatukupata jibu lolote. Msemaji wao akasema mtambo wa kisasa haunuki. Jirani yangu akasema yote inanuka. Kila mtu akapigiwa makofi na upande wake, tukaenda nyumbani.

Safari hii nataka maswali ambayo hayajibiki kwa tabasamu. Tuna visima. Tuna bustani tunazomwagilia kwa maji ya mto. Wengi wanataka tuulize kwanza umbali gani ni salama. Ni swali zuri hilo?

Kaa la Moto

Kataeni tu. Wakishaanza kuchimba msingi hamtamwona tena huyo msemaji. Muulizeni kwa nini mitambo ya namna hii huwa haiwekwi karibu na nyumba za wakubwa, mkae kimya mmsikilize akijiumauma.

Mzee wa Chemba

Mama Bondeni, maisha yangu yote ya kazi yaliishia kwenye mtambo wa majitaka. Nilianza kwa kukwangua takataka kwenye vichujio vya kuingilia, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu. Nimestaafu, hakuna anayenilipa ninyamaze, basi nitasema.

Swali la umbali msilitangulize. Mkiuliza umbali mtapewa namba, mtaishangilia au mtaizomea, na jioni yote itaishia kwenye namba iliyopimwa kwa rula juu ya ramani. Harufu haifuati rula, inafuata hewa. Mchana jua likiwaka hewa inapanda na kuchanganyika, unaweza kusimama kando ya uzio wa mtambo ukadhani umefungwa. Usiku mtulivu usio na mawingu ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi na nzito, inateleza kufuata mteremko kama maji. Haichanganyiki na ya juu. Yote yaliyotoka mtamboni inashuka nayo mpaka kwa watu. Ndiyo maana wewe uliye juu kidogo unaweza kulala vizuri, na mtu aliye mbali mara tatu zaidi, upande wa chini wa bonde, akafunga madirisha. Je, hao wa chini wamealikwa kwenye kikao? Mara nyingi mwaliko huishia kwa walio ndani ya duara la ramani.

Kwa hiyo waulize takwimu za upepo wamezitoa wapi. Nina wasiwasi zimetoka kwenye kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege, kwa sababu ndizo rahisi kupatikana. Uwanja wa ndege uko mahali palipo wazi. Bonde lina upepo wake. Dai waweke vipimo palepale, mwaka mzima, usiku na mchana, halafu wakuonyeshe hesabu ya usiku wenye hewa iliyolala. Wastani wa mwaka hauna maana kwa mtu anayeamshwa na harufu saa tisa usiku.

Sasa nije kwenye inayonuka. Msemaji na jirani yako wote wawili hawajasema kweli. Matangi ya kupuliza hewa, yale makubwa yanayotoa mapovu ya kahawia, yakiendeshwa vizuri yananuka udongo uliolowa na si zaidi. Teknolojia yenyewe ni ya kale. Edward Ardern na William Lockett waliieleza huko Manchester mwaka 1914: unapuliza hewa, vijidudu vinakula uchafu, vinatuama, unarudisha sehemu yao mwanzoni waendelee kula. Hapo hakuna cha kutisha. Kinachonuka ni sehemu mbili: mlango majitaka yanapoingilia, na mahali tope linapokamuliwa na kuhifadhiwa. Ukitaka kujua mtambo utanukaje, usipoteze muda na picha ya katikati. Tazama miisho yake miwili.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani muhtasari wenu haujaligusa kabisa. Majitaka mabichi ya nyumbani hayanuki yai viza. Yananuka sabuni na maji ya uvuguvugu yaliyochoka. Yai viza linakuja yanapokaa muda mrefu ndani ya bomba bila hewa. Oksijeni ikiisha, kuna bakteria wanaotumia salfeti iliyomo kwenye maji badala yake, na wanachotoa ni hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo pua huipata hata ikiwa sehemu chache tu katika bilioni. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi. Mtu anadhani imeondoka, kumbe imemzidi. Wenzetu wengi waliokufa ndani ya chemba wamekufa hivyo. Na ikikutana na unyevu juu ya ukuta wa bomba la zege, bakteria wengine huigeuza asidi ya salfuriki, na zege linaliwa mpaka chuma kinaonekana.

Mtambo wa mji mmoja hupokea majitaka ya saa chache. Mtambo wa miji mitatu unapokea yaliyosafiri. Mabaya zaidi ni yanayosukumwa na pampu kwenye bomba lililojaa pomoni, kwa sababu humo hamna hewa kabisa. Swali ni hili, na uliandike hivi hivi: majitaka ya mji ulio mbali zaidi yatakaa bombani saa ngapi kabla ya kufika, na katika mwaka wa kwanza je? Sisitiza mwaka wa kwanza. Bomba huchimbwa kwa ukubwa wa miaka thelathini ijayo, ila siku ya uzinduzi nyumba zilizounganishwa ni chache. Maji kidogo kwenye bomba kubwa hutambaa, hukaa sana, na hufika yameoza. Wahandisi watakuonyesha hesabu ya mtambo uliojaa, ambao ndio wenye harufu nafuu. Watu wataishi na mtambo ulio nusu tupu kwa miaka mingi.

Dawa zipo, kwa hiyo wasikuambie ni mapenzi ya Mungu. Mlango wa kuingilia unafunikwa, hewa yake inafyonzwa na kupitishwa kwenye kitanda cha vipande vya miti wanamoishi bakteria wa kula gesi, au kwenye mnara wa kuoshea hewa kwa kemikali, au kwenye kaboni. Njiani unaweza kuingiza kemikali kama naitreti au chumvi za chuma kuzuia gesi isizaliwe. Vyote vinagharimu kila mwezi, milele. Ndivyo vinavyokatwa kwanza bajeti ikibana. Uliza viko kwenye mkataba wa ujenzi au kwenye "awamu ya pili". Nimeiona awamu ya pili nyingi kwenye karatasi.

Na hata palipo na fedha, mlango wa kuingilia ndio unaoangusha jengo zima. Mtambo wa Hyperion wa Los Angeles, mmoja wa mikubwa ya Marekani, tarehe 11 Julai 2021 vichujio vyake vilizibwa na takataka, maji yakapanda na kufurika ndani ya mtambo wenyewe, zaidi ya lita milioni 40 za majitaka ghafi zikaenda baharini. Wakazi wa El Segundo, mji ulio jirani, walivuta harufu kwa wiki kadhaa, wengine wakalipiwa hoteli. Kwa hiyo ukiambiwa "wa kisasa", jibu kwamba na Hyperion ni wa kisasa, kisha uliza kuna njia ngapi za kuingilia na moja ikiziba nini kinatokea.

Nitarudi na habari ya tope na umeme. Macho yamechoka.

Ramani na Rula

Mimi ni mtu wa mipango, si wa mamlaka hiyo. Niwatetee kidogo wahandisi. Sehemu ya chini ya bonde haikuchaguliwa kwa dharau. Majitaka yanateremka yenyewe. Ukiupandisha mtambo mlimani, kila tone litasukumwa na pampu, na pampu ikisimama majitaka yanafurika mitaani kwa watu ambao hawakualikwa kwenye kikao chochote. Na mitambo midogo mitatu badala ya mmoja ni maabara tatu, zamu za usiku tatu, na mafundi wazuri ambao hata wa mtambo mmoja ni shida kuwapata.

Ila kwenye umbali sikubaliani na Mzee kwamba swali halina maana. Swali lake liko kwingine: ardhi iliyo kati ya mtambo na nyumba itakuwa ya nani? Ukanda wa kinga usiomilikiwa na mtambo ni rangi tu kwenye ramani. Baada ya miaka kumi viwanja vinapimwa, vinauzwa bei nafuu, na watu wapya wanaanza kulalamika harufu. Melbourne waliweka mtambo wao wa Werribee mbali na mji kabisa, ukaanza kazi mwaka 1897. Mji ukaufuata. Leo sehemu ya mabwawa yake ya mwanzo yamefunikwa, gesi inakusanywa na kuzalisha umeme. Wamefika pazuri, lakini wana eneo kubwa sana, na lililo lao.

Mzee wa Chemba

Ramani na Rula, hapo kwenye umiliki wa ardhi umenisaidia, nakubali. Na kuhusu mteremko uko sahihi. Lakini mkiisha kuchagua pahali pa chini, mmechagua na mafuriko. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipopiga pwani ya New York na New Jersey, mitambo iliyokuwa mahali pa chini ndiyo iliyozama. Wa Newark ulifunikwa na maji. Wa Bay Park ulizimika, na majitaka yakarudi nyuma na kupanda ndani ya nyumba za watu. Vituo vya umeme vya mitambo hiyo vilikuwa chini, maji yakavikuta huko huko. Mama, uliza paneli za umeme, vipuliza hewa na jenereta vitakaa urefu gani juu ya mafuriko makubwa kuliko yote ambayo wazee wa hapo wanayakumbuka. Wazee waje nao kikaoni waonyeshe alama ya maji ilifika wapi. Hiyo ni takwimu, tena nzuri kuliko ya kitabu chenye miaka michache ya vipimo.

Umeme. Kupuliza hewa peke yake hula karibu nusu ya umeme wa mtambo, pengine zaidi. Ukikatika, vijidudu vinaanza kukosa pumzi ndani ya saa chache, tope linageuka jeusi, na kuvirudisha kwenye hali yake huchukua siku nyingi. Watakwambia jenereta ipo. Uliza jenereta inaendesha nini. Nilipofanya kazi mimi, jenereta ilitosha pampu za kuingilia na taa, vipuliza hewa vilisubiri umeme urudi. Kwenye ripoti iliandikwa "umeme wa dharura upo", na haukuwa uongo.

Kama bei ya umeme au ukatikaji wake ni tatizo kwenu, uliza kwa nini hawajengi mabwawa mapya. Mabwawa ya kutibu majitaka hayana aibu. La kwanza lina kina cha mita mbili hadi tano na halina hewa, la pili mita moja na nusu hivi na mwani wake unatoa oksijeni, ya mwisho jua linaua vimelea. Hayahitaji umeme wa kutaja. Yanahitaji ardhi nyingi, na mtu wa kuondoa tope kila baada ya miaka kadhaa. Hayo yenu ya zamani yamekufa kwa kukosa mtu huyo. Na nikuulize wewe sasa: mamlaka iliyoshindwa kuondoa tope bwawani itawezaje kulikamua kila siku kwa mashine? Waulize hilo kwa upole, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote niliyoandika.

Tope lenyewe nilipigie hesabu. Kwa watu laki mbili, chukua gramu 50 za tope kavu kwa mtu kwa siku, ni tani 10. Lakini halitoki kavu. Likikamuliwa vizuri, asilimia 20 ndiyo kitu na 80 ni maji. Tani 10 zinakuwa tani 50 kila siku, Jumapili na sikukuu. Malori matano ya tani kumi yakipita barabara yenu, yakidondosha. Linapelekwa wapi? Mkataba na mwenye dampo au shamba umesainiwa? Likikosa pa kwenda litalundikwa uani kwa mtambo, na huo ndio mwisho wa pili niliousema, unaonuka. Katika malalamiko niliyowahi kupokea kwa simu usiku, mengi yalianzia kwenye lundo lililokosa lori.

Kaa la Moto

Mzee, unawafundisha kuomba vizuri kitu ambacho hawakukitaka. Swali langu hamjajibu. Kwa nini kila mara ni bondeni kwa wanyonge?

Mzee wa Chemba

Kaa la Moto, sikulikwepa, lilikuwa linangoja zamu yake. Mtambo wa North River wa New York ulipangwa kwanza karibu na mtaa wa 72 upande wa magharibi, ukahamishiwa Harlem Magharibi, kwa watu ambao wengi wao ni Wamarekani weusi na Walatino. Watu wa huko hawakuhitaji kuambiwa maana yake. Walipoahidiwa fidia ikawa bustani ya umma juu ya paa la mtambo, na kweli ilijengwa, ikafunguliwa mwaka 1993. Lakini mtambo ulianza mwaka 1986 na ulinuka vibaya. Wakaandamana, wengine wakakamatwa, wakaunda chama chao mwaka 1988, wakaishtaki serikali ya jiji. Ilimalizwa kwa makubaliano: jiji likalazimika kurekebisha harufu, na ukatengwa mfuko wa jamii.

Nachukua hili hapo: bustani haikuwasaidia na harufu. Kesi ndiyo iliyosaidia, tena miaka saba baada ya mtambo kuwashwa. Kwa hiyo uliza maeneo mengine yaliyopimwa ni yapi na yalikataliwa kwa sababu gani. Tathmini ya kweli ina jedwali la maeneo hayo. Kama lina eneo moja tu lililofikiriwa sawasawa na mengine yamewekwa kama pambo, hapo Kaa la Moto ana haki ya kuwaka, na mimi nitakaa upande wake.

Mama Bondeni

Nashukuru sana, mzee wangu, na wengine wote. Nimechapisha haya yote kwenye karatasi. Nimeangalia tena kiambatisho: maeneo mengine ni mawili, moja wamelikataa kwa sababu "ni miamba", la pili kwa sababu "ni mali ya mtu binafsi". Hili letu ni la umma, basi.

Niongeze mawili. La kwanza visima vyetu. La pili mto: wanasema maji yatakayotoka yatakuwa safi "kwa viwango vya kimataifa". Tuyamwagilie bustani? Na kuna mtu hapa anashauri tudai miti mingi kuzunguka mtambo iwe kinga ya harufu.

Mzee wa Chemba

"Ni mali ya mtu binafsi" si sababu ya mazingira, ni sababu ya gharama. Waandike hivyo. Kuna tofauti kubwa kati ya eneo lisilofaa na eneo lisilopatikana bure.

Visima kwanza, kwa sababu hilo lina saa yake. Chukueni sampuli sasa, kabla trekta halijaingia. Kila kisima, msimu wa mvua na wa kiangazi, kwenye maabara isiyo ya mamlaka: naitreti, bakteria wa kinyesi, chumvi. Hifadhini majibu. Pasipo hayo, siku kisima kikiharibika mtaambiwa kilikuwa hivyo zamani, na pengine ni kweli, kwa sababu vyoo vyenu wenyewe vipo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha naitreti kwenye maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia kwanza ni watoto wachanga. Kisha uliza maji ya ardhini yanatiririka kuelekea wapi na chini ya matangi kutawekwa nini. Visima vya uchunguzi viwe upande wa juu na wa chini wa mtambo; vya upande mmoja havithibitishi kitu.

Kuna na kinyume chake ambacho watu hawakifikirii. Miji hiyo mitatu sasa hivi, sehemu ya maji yake inazama ardhini kupitia mashimo ya vyoo. Mkiyakusanya yote na kuyapeleka mbali, ardhi inakosa kile ilichokuwa inapokea. Wilaya ya Nassau, New York, walipotandaza mabomba na kumwaga baharini, maji ya ardhini yalishuka na vijito vikapungua. Kwa ninyi wa bondeni itakuwa nyongeza ya maji. Kwa wa juu yawezekana ikawa pungufu. Mjue mnaongea na majirani wenye maslahi tofauti.

Viwango vya kimataifa: waambie wataje namba. Majitaka ya nyumbani huingia na mahitaji ya oksijeni, yaani oksijeni ambayo bakteria wataitumia kula uchafu uliomo, ya miligramu 200 hadi 300 kwa lita hivi. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 1991 umetaka yatoke chini ya 25, Marekani 30. Namba hizo ni nzuri kama mto ni mkubwa. Sasa chukua kiangazi chenu. Tuseme mto unapitisha lita 100 kwa sekunde na una uchafu wa miligramu moja, na mtambo unaongeza lita 200 zenye 25. Mchanganyiko unakaribia 17. Mtambo umefuata sheria kikamilifu, na samaki wamekufa, kwa sababu theluthi mbili ya mto ni mtambo. Uliza mto una lita ngapi katika wiki kavu kuliko zote za miaka kumi, si wastani wa mwaka. Wastani umebeba mvua ndani yake.

Bustani ni habari nyingine tena. Namba niliyotaja inapima chakula cha bakteria na haisemi lolote kuhusu mayai ya minyoo wala vimelea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 kwa mboga zinazoliwa mbichi ulitaka bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Ule wa mwaka 2006 ukahamia kwenye kuhesabu hatari hatua kwa hatua, kuanzia mtamboni hadi kuoshwa kwa mboga. Uliza kama kuna hatua ya kuua vimelea mwishoni, na ni ya aina gani. Kama ni klorini, iondolewe kabla ya kuingia mtoni, inaua samaki. Na kama ni klorini ya gesi kwenye mitungi mikubwa, hiyo peke yake inastahili kikao. Washington walikuwa na mabehewa ya gesi hiyo kwenye mtambo wa Blue Plains. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 2001 waliyaondoa haraka wakahamia klorini ya maji. Mwanga wa urujuanimno, ambao nao huua vimelea, hauna hatari hiyo, ila unataka umeme na maji yaliyo angavu.

Usiwaache waondoke kwa ahadi za mdomo. Kila jibu zuri lina mahali pake kwenye kibali: kiwango cha gesi kwenye uzio, kipimo chenye kioo mnachokisoma wenyewe, namba ya simu ya malalamiko inayopokelewa usiku, na faini. Lisilokuwemo kwenye kibali msimamizi wa zamu halijui. Mimi sikulijua.

Miti: pandeni, inaficha ukuta na inavunja upepo kidogo. Harufu ya usiku inapita chini ya matawi. Na msipande karibu na bomba la kuingilia, mizizi hupenya kwenye maungio ikitafuta maji, na mtakuwa mmeziba wenyewe mnachokilalamikia. Iwe mita kumi kutoka kwenye bomba, na zaidi kwa ile yenye mizizi ya kusambaa.